Matanga ya Mama Aliye Hai

Nimefanya kazi nyingi, lakini ni moja tu niliyolipwa ili ninyamaze. Nimepakia magunia kwenye malori ya Fungurume, nimeuza betri za tochi milangoni mwa machimbo, nimechimba Kasulo, mtaa ambao watu huchimba ndani ya nyumba zao, mpaka siku nilipoona kitanda cha jirani kimeanza kuinamia shimo lake mwenyewe, nikaacha. Kote huko nilisema nilichotaka. Ila kwenye makumbusho ya Kolwezi, mize kama tunavyoyaita, nilivalishwa shati la kijani, nikaambiwa nisimame ukumbi wa mbele na nisijibu swali la mgeni yeyote.

"Vitu vyenyewe vinasema," mkurugenzi aliniambia.

Alikuwa mwanamke wa Lubumbashi aliyesomea Ubelgiji, mpole wa sauti, mwenye viatu visivyoshika vumbi hata wakati wa kiangazi. Nikamuuliza vinasema kwa lugha gani. Akatabasamu, akasema hilo ni swali zuri sana, akaondoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba "swali zuri sana" ndiyo namna yake ya kufunga mlango bila kuubamiza.

Jengo lenyewe lilikuwa klabu ya wakubwa wa mgodi. Baba zetu waliingia humo kwa mlango wa jikoni, kwenda kuosha glasi. Kampuni moja ililipia rangi mpya, vioo na taa, na ndani wakapanga misalaba ya shaba ya kale, mfano wa tanuru la udongo, kofia ngumu za wafanyakazi wa zamani, ramani, na picha nyingi za watu wanaochimba. Kila kitu kilikuwa na maelezo yake ya Kifaransa, na chini yake Kiingereza, kwa herufi za kijivu juu ya ukuta mweupe, ndogo kama zile za karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Kiswahili nilikikuta mahali pachache tu. Usiguse. Usiegemee kioo. Usipite hapa. Lugha yetu ilikuwa imeajiriwa kama mimi, kwa kazi ya ulinzi.

Niliacha shule kabla sijamaliza hata ya msingi, lakini nasoma chochote kinachokaa mbele ya macho yangu: pakiti za sabuni, magazeti ya kufungia maandazi, matangazo ya vifo kwenye nguzo za umeme. Basi nilizisoma kuta zile zote. Kifaransa changu ni cha barabarani, kinachechemea, lakini nilichoelewa kilitosha. Kuta zilizungumza juu yetu jinsi wakubwa wanavyozungumza juu ya mtoto waliye naye chumbani. Wachimbaji wanaamini hivi. Wanawake wa eneo hili hufanya vile. Hakuna ukuta hata mmoja uliosema "ninyi". Nilikuwa nikiwatazama wachimbaji wenyewe wakipita mbele ya maneno hayo, mikono nyuma kama waliokamatwa, wakienda kwenye kitu kinachofuata, na kinachofuata, mpaka mlango wa kutokea. Wengi hawakurudi. Nisingerudi mimi pia kama nisingelipwa.

Lakini kitu kimoja kilisema, na kila mtu alikisikia.

Mlangoni kabisa waliweka picha ya mama mmoja. Picha nyeusi na nyeupe, kubwa, yenye fremu nyeusi, imesimamishwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Taa ndogo iliumulika uso wake kutoka chini. Pembeni palikuwa na maua yaliyobaki tangu sherehe ya ufunguzi, na mbele yake daftari nene la wageni, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mama wa pichani alikuwa ameinama juu ya beseni la mawe, ameinua macho kidogo kama mtu aliyeitwa. Kibao kilisema tu, kwa Kifaransa, "Mwanamke wa mgodini".

Mtu yeyote aliyekulia Katanga anajua anatazama nini hapo. Hayo ni mapokezi ya matanga. Mtu akifariki kwetu, picha yake huwekwa mezani kwenye lango la nyumba, na kitambaa cheupe, na maua, na mwanga, na daftari la kuandikia pole. Huhitaji kusoma neno lolote. Wageni walivua kofia. Wanawake walikaza vitenge vyao na kupunguza sauti. Wakatoliki walifanya ishara ya msalaba, na katika daftari watu waliandika kwamba mama apumzike kwa amani. Mkurugenzi alikuwa akisimama kwenye ngazi za ofisi yake akiwatazama kwa furaha. Nilimsikia akiwaeleza wageni wa kampuni kwamba watu wa Kolwezi wana heshima ya pekee kwa sanaa.

Mama yule mimi nilimjua. Nilipanga chumba cha uani kwake, kule Kapata, kwenye safu za nyumba za kampuni ya zamani. Hakuwa amekufa. Asubuhi ya siku niliyoanza kazi alikuwa amenigombeza kwa kumaliza maji ya pipa.

Alikuwa mjane wa fundi wa reli za mgodi, mtu wa kaskazini mwa Katanga, mwenye sauti nzito aliyoitumia kanisani kwa kwaya na nyumbani kwa ugomvi. Miaka mingi aliosha mawe ya wachimbaji ziwani, akisimama majini mpaka magoti yalipokataa, kisha akaanza kuuza maharagwe na bitoyo, samaki wakavu wa chumvi, mbele ya nyumba yake. Mpiga picha alimkuta bado ziwani. Alimwomba ruhusa kwa adabu, akampa sabuni, akamwambia picha itafika mbali. Nilipomwambia kwamba imefika mize, alicheka.

"Basi mi niko mu nyumba ya bakubwa," alisema, "na nikaingia kwa mulango ya mbele."

Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyeondoka kwa hasira baada ya mazishi ya baba yake. Kwanza alikwenda kuchimba Fungurume, halafu akaenda mbali zaidi, halafu simu yake ikafa. Tangu hapo mama alitengeneza posta yake mwenyewe. Kila mchimbaji, kila msaidizi wa lori aliyesimama kununua samaki, alipewa samaki na ujumbe pamoja.

"Ukikuta kijana mwenye kovu hapa ku nyusi, umuambie mama anamusalimia. Anamungoja."

Ujumbe huo ulipanda malori na kuondoka. Hatukujua unashukia wapi.

Siku moja kijana mmoja aliyewahi kuubeba alirudi. Ilikuwa mchana, mama amekaa nyuma ya samaki wake, mimi nimepumzika siku hiyo. Kijana alisimama katikati ya barabara, hakukaribia.

"Mama, ni weye?"

"Ni nani kingine? Karibia, samaki haiume mutu."

"Banasema ulikufa."

"Nani anasema?"

"Batu bote. Fungurume, na machimbo ya kule mbele. Balikuya kikundi ku mize siku ya Mungu, bakakuta matanga yako. Bakakamata na foto."

Akatoa simu yake, akaja polepole, akaiweka mbele ya mama kama anayemlisha mbwa asiyemjua. Uso wa mama ulikuwa mle, na maua, na kitambaa cheupe. Mama aliutazama. Safari hii hakucheka.

"Na mutoto yangu?"

"Huyo sikumuona. Lakini mama, kule kila mutu anajua."

Mama akageuza kichwa, akanitazama mimi.

"Weye unasimama pale kila siku?"

"Ndiyo, mama."

"Banakuya kunililia mbele ya macho yako, na weye kimya?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mama. Hatusemi na wageni."

"Basi unakula kifo yangu," alisema. "Uishibe."

Kuanzia siku hiyo hakunipa tena bukari yake, ugali wetu, jioni. Nilijipikia. Lakini aliendelea kuniongelesha, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumtupia maneno, na hofu yake aliniambia wazi. Mtoto akijua mama yuko, hata akikasirika, njia ya kurudi ipo. Akisikia mama amekufa, atarudi kwa nani? Atakuja kutazama bati na ukuta? Ujumbe wake wote wa miaka ile, mama anakusalimia, mama anakungoja, ulikuwa umekanyagwa na picha moja yenye taa chini ya kidevu. Alitaka kitu kimoja tu: chini ya picha ile paandikwe kwamba yu hai.

Nikaenda ofisini. Mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima.

"Najua inafanana na nini," alisema. "Mimi pia nimezika watu. Lakini makumbusho siyo matanga. Mtu akiingia hapa lazima ajifunze kusoma makumbusho, kama anavyojifunza kusoma kitabu."

"Nao wasiposoma?"

"Watajifunza. Nikiandika chini ya picha moja kwamba huyu yuko hai, wataniuliza za wengine. Na huyu? Na yule aliye shimoni?"

Nikafikiri, ndiyo, wangeuliza. Nilidhani nyumba ile ilijengwa ili watu waulize. Lakini alikuwa amekwisha kusema kwamba maneno ya ukutani yamepitishwa na kampuni inayolipa, na hawezi kuongeza hata nukta. Alichoweza ni kuondoa maua. Akayaondoa siku ile ile. Kesho yake mgeni mmoja, mama wa makamo, aliona mfu hana maua, akatoka, akarudi na mengine mabichi, akayaweka kwenye chupa ya maji mbele ya picha.

Mama alipoona mimi sina faida, alikuja mwenyewe. Alichagua siku ya Mungu baada ya ibada, siku ambayo kiingilio ni bure na ukumbi hujaa. Alivaa kitenge cha kwaya, akasimama kando ya picha yake, mikono kiunoni. Aliamini hiyo itatosha. Mtu akimwona mfu na mzima bega kwa bega, akili itamchagua mzima.

Iliingia familia moja. Baba akavua kofia. Mkewe, mwanamke mnene mwenye uso mwema, aliitazama picha, akamtazama mama, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mama. Pole sana. Dada yako?"

"Ni miye."

"Ndiyo, mama. Munafanana kabisa."

"Nasema ni miye mwenyewe. Mi siyakufa."

"Tunaelewa. Hata mi, wakati yaya yangu, dada mukubwa, alikufa, nilikuwa nasema vile vile. Uchungu inasemesha mutu."

"Alikuwa mugonjwa?" mume akauliza kwa sauti ya chini.

"Alikuwa anaosha mawe," mama akasema. Alikuwa ameanza kuchoka.

"Ah. Mawe." Mume alitikisa kichwa, akamtazama mkewe. "Njo vile. Mawe."

Wakaandika pole zao kwenye daftari, wakaingia ndani. Nyuma yao walikuja vijana wachimbaji, wenye udongo mwekundu kwenye pindo za suruali. Hao walikuwa na macho makali zaidi. Mmoja alitazama picha, akatazama mama, akacheka.

"Eh, njo yeye kweli. Mama, banakulipa kufanya mufu?"

"Sijalipwa kitu. Nenda ukaambie benzako mi niko muzima."

"Mama, ukichoka kufa utuitie. Nasi tunatafuta kazi ya kulala."

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama aliwatukania baba zao kwa utaratibu, kila mmoja na wake. Kelele hizo ndizo zilizomshusha mkurugenzi. Alifika na tabasamu lake, akanyoosha mkono.

"Mama, karibu sana. Ni heshima kubwa kwetu."

"Heshima gani? Munanilaza hapa na taa chini ya kidevu."

"Siyo kulaza, mama. Ni namna ya kuonyesha."

"Basi onyesha mama yako."

Mkurugenzi alirudisha mkono wake.

"Mama yangu alishafariki."

"Kumbe. Basi meza hii ingemufaa yeye."

Hapo nilidhani atamfukuza. Hakumfukuza. Alivuta pumzi, akampa alichoona ni zawadi: mama aje kila Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita, aketi hapo penye picha, awasimulie wageni maisha yake. Atawekewa kiti. Wageni watamwona kwa macho yao.

"Kila siku ya posho nikae hapa?" mama aliuliza. "Na samaki nani atauzisha? Na mutoto yangu iko mbali kule, kiti yako ataiona namna gani? Batu banakamata foto, foto inatembea. Andika maneno ndani ya foto. Mama huyu iko muzima, anaikala Kapata. Basi. Maneno itatembea pamoja na uso."

Nilikuwa nimesimama pale pembeni kimya, kama nilivyolipwa, na niliona kwamba hayo yalikuwa maneno mafupi kuliko kibao chochote cha jumba lile. Mkurugenzi alisema ni wazo zuri sana. Ataiandikia kampuni. Mama akanitazama, akaona kwenye uso wangu hilo lina maana gani, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake nilianza kusema. Kila aliyevua kofia nilimwambia: "Huyu mama hajafa. Yuko Kapata, anauza samaki." Nilidhani nimegundua dawa. Watu wa kwanza walitabasamu, wakarudisha kofia kichwani, na nikajisikia vizuri. Kisha akaja mwanamume mmoja mwenye fulana ya njano ya wafanyakazi wa barabara. Alinisikiliza, akanisogelea.

"Nani alikutuma kusema vile?"

"Hakuna. Nasema kwa sababu ni kweli."

"Hii nyumba, kampuni njo inalipa?"

"Ndiyo."

"Na shati yako?"

"Nayo."

"Sawa." Akaitazama picha kwa huruma mpya. "Kampuni inalipa mulinzi, anasimama karibu na mufu, anasema mufu hakufa. Shimo njo ilimuangukia. Balimuficha."

Nilibishana naye. Kadiri nilivyobishana ndivyo alivyozidi kunionea huruma na mimi pia. Baada ya siku chache habari ilikuwa imekomaa: ukuta wa mgodi ulimfunika mama wa watu wakati anaosha mawe, mwili haukutolewa, na kampuni imemwekea picha na taa ili mzimu wake usisumbue, pamoja na mtu wa kukana. Kwetu mtu akikanusha kifo ambacho hakuna aliyemuuliza, huyo anajua kaburi liko wapi. Wageni waliongezeka. Walikuja kutoka Kasulo, walikuja na pikipiki kutoka mbali, wakajipanga nje. Walipiga picha ya mama, halafu wakanipiga na mimi. Mkurugenzi alifurahia umati huo mpaka simu ya kampuni ilipolia.

Aliniita ofisini, akanyoosha mkono kwa ajili ya shati.

"Nilikuambia vitu vyenyewe vinasema."

"Vimesema, madame. Vimesema amekufa."

"Na wewe ulipofungua mdomo, vikasema nini?" alijibu. "Sasa amekufa, na kuna aliyemuua."

Jibu hilo liliniudhi kuliko kufukuzwa. Nilivua shati nikabaki na singlendi, nikatoka kwa mlango wa mbele. Picha haikuondolewa. Niliambiwa baadaye kwamba waliongeza kibao kidogo, kwa Kifaransa, karibu na mguu wa meza, kinachosema picha ilipigwa kwa idhini ya mhusika. Ili uisome lazima upige magoti, na aliyepiga magoti pale alikuwa akisali.

Nikabaki Kapata bila kazi. Mama hakunifukuza, wala hakunisamehe. Nilimtengenezea mlango wa choo, nilimbebea maji, naye akaniambia kila siku kwamba mdomo wangu umemzika mara ya pili. Wachimbaji walioujua uso wake waliacha kununua samaki kwake. Wengine walivuka barabara. Aliendelea kutuma ujumbe kwa wachache waliobaki, lakini sauti yake ilikuwa imepungua, na safari nyingine alimaliza kwa kusema: "Kama atakusadiki."

Mvua za kwanza zilikuwa karibu, joto limekaa juu ya mabati. Mama alikuwa mlangoni akichagua maharagwe kwenye ungo, mimi uani nikipiga misumari. Pikipiki ilisimama. Aliyeshuka alikuwa kijana mwenye shati jeusi, kichwa kimenyolewa upya mpaka kinang'aa, na gunia la unga wa mahindi begani, mchango wa matanga. Alifika langoni akaona mama. Gunia likashuka lenyewe mpaka chini. Juu ya jicho alikuwa na kovu.

"Mama."

Mama hakuacha maharagwe. Alitoa jiwe moja, akalitupa.

"Bonjour, tata," alisema, kama anavyoitwa mwanamume mgeni. "Unatafuta nani?"

"Mama, ni miye."

"Naona mutu wa matanga. Mama ya hapa alikufa. Haukusikia?"

"Nilisikia."

"Basi haukupotea njia."

Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kiti cha plastiki, akakiweka nje kando ya ukuta, pale wanapokaa wanaume kwenye matanga.

"Ikala pale. Banaume banalilia inje."

Kijana aliketi. Nadhani ile sauti ilikuwa imemketisha tangu utoto na mwili wake haukujua namna nyingine. Mama alirudi kwenye maharagwe.

"Balisema shimo ilikuangukia," kijana alianza.

"Miaka yote ile nilituma batu. Mama anakusalimia. Mama anakungoja. Ilikufikia?"

Kijana alitazama mikono yake.

"Ilinifikia."

"Yote?"

"Kila mutu mwenye alipita Kapata, alinisemea."

"Na hii ya kufa, ilikufikia wakati gani?"

"Juma iliyopita."

"Na juma hii uko hapa."

Nilikuwa nimeacha nyundo. Nilitaka kusikia atajibu nini, na nilitaka kumpiga pia.

"Nilijua uko," alisema mwishowe. "Mutu mwenye iko, utamurudilia tu. Nilisema, nipate kwanza kitu ya mukono. Kesho, keshokutwa. Lakini mutu wa kufa, huyo hangoji."

"Njo vile," mama alisema. "Mi nilingoja muzuri sana, ukazoea."

Alisema bila kupandisha sauti, na mimi niliyezoea kelele zake nikaona afadhali kelele. Nilikuwa nimegombana na jumba zima ili uongo usimfikie kijana huyu. Ukweli ulikuwa umemfikia kwa kila lori, kwa miaka, na haukumwinua kwenye kiti chake. Uongo ulikuja mara moja, akanyoa kichwa, akanunua unga.

Majirani walianza kukusanyika, maana gunia la unga langoni na kichwa kilichonyolewa huita watu. Mama wa nyumba ya pili aliuliza huyu ni nani.

"Mugeni," mama alisema. "Analilia mama yake. Mumuache amalize."

Jirani aliangalia uso wa kijana, akaelewa, akaweka kanga mdomoni. Mzee mmoja mlevi wa safu ile, ambaye matanga kwake ni chakula tu, aliketi chini karibu na kiti.

"Lia basi, tata," alimwambia. "Tunangoja bukari."

Hakulia. Alikaa na mikono magotini, jasho likimtoka kwenye upara mpya, watu wakija kumtazama na kuondoka, kama wageni wa mize. Hakuna aliyemsemesha, naye hakuomba. Mama alimaliza maharagwe, akaingia ndani, akawasha makaa, akaanza kupika bukari kwa unga wake mwenyewe. Gunia la kijana lilibaki langoni ardhini, pale lilipoangukia.

Jioni haijafika, mvua ikaanguka. Mvua ya kwanza ya Kolwezi haina utangulizi. Matone makubwa yalipiga vumbi, watu wakakimbia, na mzee naye akajikokota kwenda kwake. Kijana hakuinuka. Maji yalimshuka kichwani kana kwamba amekubali. Mimi nilikimbilia mlangoni, nikasimama chini ya ncha ya bati.

Mama alitokeza kichwa.

"Unga ile inaloa," alisema.

Nikageuka nikimbie langoni.

"Si weye."

Kijana aliinuka. Alikwenda mpaka langoni, akalipandisha gunia begani, akarudi katikati ya mvua, akainama mlangoni na kuingia. Mama alimwonyesha kwa mwiko mahali pa kuliweka, mbali na maji yanayopenya chini ya mlango. Akalitua.

"Vua viatu," mama alisema.